Macho yanatoa machozi kutwa halafu naambiwa ni makavu, naombeni ufafanuzi

FundiSuti:
Habari zenu wakuu, naomba msaada kwa yeyote anayelijua hili. Mi ni fundi cherehani hapa Dodoma, miaka 41, huu mwaka wa pili macho yananitesa. Asubuhi naamka kope zimegandana kwa tongotongo kavu, na kwenye mashina ya nywele za kope kuna vitu kama mba vimeng'ang'ania, nikibandua panauma. Nikishakaa kwenye cherehani saa mbili tatu yanaanza kuchoma kama yameingia mchanga, naona chenga, uzi mmoja unakuwa miwili mpaka nipepese ndo unarudi kuwa mmoja, siku hizi kutia uzi kwenye sindano namwita kijana wangu. Jioni upepo wa huku ukipiga machozi yanatiririka mpaka wateja wananiuliza kama nimefiwa.

Mwaka jana nilienda duka la dawa nikapewa kichupa cha matone, siku mbili tu macho meupe peee, nikiacha yanarudi mekundu kuliko mwanzo, kwa hiyo nikawa nanunua hicho hicho, sasa ni mwezi wa tano. Wiki iliyopita nikaenda kliniki, nikaambiwa una macho makavu na kope zimevimba, nikapewa karatasi nikatoka. Makavu kivipi wakati machozi yanamwagika? Na je hii inapona?

NesiWaMacho:
Pole sana kaka. Nafanya kazi kliniki ya macho, na hilo swali la makavu kivipi naulizwa karibu kila siku.

Chozi si maji matupu, juu yake kuna utando mwembamba wa mafuta unaozuia maji yasikauke. Hayo mafuta yanatoka kwenye tezi ndogondogo zilizopangana ukingoni mwa kope, nyuma tu ya zile nywele, kope ya juu zipo kama 30 na ya chini 20 na kitu. Ukingo ukivimba mafuta yanakuwa mazito yanaganda kwenye vitundu, we fikiria mafuta ya nazi asubuhi ya mwezi wa sita hapo kwenu Dodoma. Maji yanabaki hayana kifuniko, yanakauka haraka, jicho linachomwa, na jicho likichomwa linajitetea kwa kumwaga machozi mengi kwa mpigo, ambayo ni maji yasiyo na mafuta ya kutosha, yanashuka shavuni na ukavu uko palepale. Ndo maana unaona uzi miwili halafu ukipepesa unatulia, umeusambaza upya ule utando.

Sasa dawa yenyewe iko kwenye kope zaidi kuliko kwenye matone. Asubuhi na jioni, nawa mikono, chovya kitambaa safi kwenye maji ya moto yanayovumilika (jaribu kwanza ndani ya kifundo cha mkono), fumba macho, weka dakika 5 mpaka 10, na kitambaa kinapoa ndani ya dakika mbili kwa hiyo uwe unachovya tena na tena, hapa ndo wengi wanakosea wanaweka mara moja wanasema haisaidii. Ukitoa, kanda taratibu kuelekea kwenye nywele, kope ya juu unashusha kidole, ya chini unapandisha. Halafu shampuu ya watoto matone machache kwenye nusu kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa, pamba, unapangusa mashina ya nywele macho yakiwa yamefumbwa, unasuuza. Hayo maganda loweka kwanza, usibandue makavu.

Kupona moja kwa moja mara nyingi hapana, nakwambia ukweli, ila inatulia kabisa ukiifanya kama kupiga mswaki. Wiki za kwanza usikate tamaa.

Kinachonitisha ni hicho kichupa. Soma lebo, kuna deksamethasoni au betamethasoni?

Nuru_Tanga:
Dada nesi umeongea. Mimi kwangu ilianza na kope za bandia, ile gundi na wanja usiku silali nimenawa, vikaja vipele ukingoni, chokea kila mwezi. Niliacha vyote nikashika maji ya moto, mwezi wa pili ndo nikaona tofauti. Na feni ilikuwa inanipiga usoni usiku kucha, nimeigeuzia ukutani.

Mzee_wa_Kondoa:
Kijana, sisi huku tulikuwa tunaweka maziwa ya mama anayenyonyesha au asali kidogo, inakata. Na usije ukawa na vikope.

NesiWaMacho:
Mzee shikamoo. Hapo kwenye asali na maziwa naomba nikuombe sana, tumepokea watu wenye kidonda kwenye kioo cha jicho kwa sababu ya vitu hivyo, na kidonda kikipona kinaacha baka jeupe ambalo halifutiki. Vikope ni swali zuri, ile ni trakoma, nywele zinageukia ndani zinakwaruza jicho, fundi mwambie daktari akugeuze kope aangalie ndani.

FundiSuti:
Nimesoma lebo, imeandikwa deksamethasoni na niomaisini.

NesiWaMacho:
Kaka acha kujinunulia hiyo. Ni steroidi, yaani dawa kali ya kutuliza uvimbe, inaficha wekundu ila ukiitumia miezi bila kupimwa inaweza kupandisha presha ya macho na kuleta mtoto wa jicho, na hiyo presha inaiba uono pembeni bila maumivu, hutajua. Rudi kliniki wiki hii, nenda na kichupa mkononi, sema miezi mitano, wakupime presha ya macho. Matone ya kukutuliza ni machozi ya bandia, na ukijikuta unaweka zaidi ya mara 4 kwa siku omba yale yasiyo na kihifadhi, yaani kemikali ya kuzuia matone yasiharibike. Kama unakunywa piritoni kwa ajili ya mafua sema pia, inakausha. Jicho likiuma sana, likishindwa kuvumilia mwanga au uono ukishuka, nenda siku hiyo hiyo.

Na kwenye kushona, mtu akikazia macho anasahau kupepesa. Kila dakika 20 inua kichwa tazama mbali, upande wa pili wa barabara, sekunde 20, fumba macho taratibu mara kadhaa.

FundiSuti:
Asante sana dada, hakuna aliyewahi kunieleza hivi. Kichupa nimekitia kwenye mfuko wa shati, kesho asubuhi naenda nacho. Jioni hii nimekata kipande cha flana mpya, maji nimeweka kwenye chupa ya chai yasipoe, nimechovya mara sita. Nilipokanda kope ya chini kimetoka kitu cheupe kizito kama dawa ya meno, ndo yenyewe hayo mafuta?

NesiWaMacho:
Ndo yenyewe. Usikamue kwa nguvu, rudia kesho asubuhi kabla hujatoka.