Nimepiga kinanda kanisani miaka 22, maneno ya ubeti wa tatu siyajui

KidoleChaNne

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Naomba ushauri, na msinionee huruma sana.

Nilianza kupiga kinanda kanisani nikiwa na miaka 12. Nilikuwa nakaa ukingoni mwa benchi ili miguu ifike kwenye pedali. Tangu hapo sijawahi kukosa Jumapili tatu mfululizo, mpaka miezi miwili iliyopita nilipoteleza ngazini nikavunjika mkono wa kushoto. Plasta wiki sita. Basi nikaenda kukaa na waumini kwenye mabenchi, kitu ambacho sikukifanya tangu utoto.

Jumapili ya kwanza sikusali hata kidogo. Aliyeshika nafasi yangu alikuwa anaburuza, na mguu wangu ukawa unamtafutia besi sakafuni. Wakati wa maombi ya watu wote nilikuwa nawaza kwamba wimbo wa sadaka ataupandisha mno. Akaupandisha kweli, na ninakiri nilifurahi.

Jumapili ya pili ukaimbwa wimbo ambao nadhani nimeupiga mara mia tatu. Ubeti wa kwanza niliimba. Wa pili nikababaisha. Wa tatu mdomo ukafunga: maneno sina. Jirani yangu, bibi ambaye macho yake hayaoni tena kitabu, aliimba hadi amina. Mimi niamshe usiku wa manane nitakupigia sauti zote nne za wimbo huo, na ukitaka nitakushushia nusu sauti. Lakini kama ungeniuliza ubeti wa tatu unamwambia Mungu nini, ningebaki nakutazama.

Tangu siku hiyo nimeanza kujihesabia. Wakati wa mahubiri huwa napanga kurasa huku nasikilizia "na kwa hayo machache" ya mchungaji, ndiyo ishara yangu. Wakati wa meza ya Bwana nahesabu vichwa vilivyobaki kwenye mstari, nijue nirudie ubeti au nifunge. Mwenyewe napokea wa mwisho, haraka haraka, kisha narudi mbio kwa sababu kuna wimbo wa shukrani.

Wiki zile za mwisho kwenye benchi nilianza kusali. Kwa kweli, si kwa mazoea. Sasa plasta imetoka, mchungaji ananiulizia, na mimi naogopa kurudi. Anayehesabu mapigo wakati wenzake wanaabudu, naye anaabudu?

SautiYaTatu

Rudi, mtumishi. Sisi waimba tenori, sauti ya tatu, tunaumia. Huyo wa kwenu hajui kwamba binadamu wana koo?

Halafu sikiliza, mhubiri naye anatazama saa, mzee wa kanisa anahesabu sadaka, mama wa mlangoni anatafutia watu viti. Mbona wao huwaulizi kama wanaabudu?

Mwalimu wa Kwaya

SautiYaTatu, umemjibu kwa haraka mno. Mwenzetu hakuuliza kama kazi yake ina faida. Ameuliza kama yeye mwenyewe yumo ndani yake.

Kwanza, ndugu, swali lako ni la zamani. Mtakatifu Augustino, yapata mwaka 400, aliandika katika Maungamo yake kwamba ikitokea uimbaji unamgusa kuliko kile kinachoimbwa, anahesabu ametenda dhambi. Lakini hakusema nyimbo zitolewe kanisani. Alikumbuka machozi yaliyomtoka alipozisikia siku za mwanzo za imani yake, akaona ziendelee.

Pili, Bach, yule mtunzi Mjerumani wa muziki wa kanisa. Watu wanapenda kutaja zile herufi S.D.G. alizoandika mwishoni mwa kazi zake nyingi za kanisa, yaani utukufu kwa Mungu peke yake. Mimi napenda zaidi za mwanzoni: J.J., Jesu juva, Yesu nisaidie. Huyu ni mtu aliyefika Leipzig mwaka 1723, na miaka ile ya mwanzo alikuwa anatoa kantata mpya (utungo wa waimbaji na vyombo kwa ajili ya ibada) karibu kila Jumapili, nakala ziandikwe, wavulana wafundishwe. Sidhani alikuwa na nafasi ya kutulia akasikilizia moyo wake. Aliomba msaada kwanza, kisha akaingia kazini.

Tatu, na hapa nitakuwa mkali kidogo: kutojua maneno si kosa la kiroho tu, ni kosa la upigaji. Muziki wa beti zote ni ule ule, lakini sentensi hazifanani. Ubeti wa kwanza unapumua mwisho wa mstari wa pili, na ubeti wa tatu pengine hauna hata mkato hapo, wazo linaendelea hadi mstari unaofuata. Asiyejua maneno anakata pale pale kila mara, na kanisa zima linakata naye. Umekuwa ukikatiza sala za watu katikati miaka 22 (nasema kwa upendo).

Wanafunzi wangu nawafanyisha hivi: Jumamosi, kabla ya kugusa kinanda, soma beti zote kwa sauti. Weka alama kwa penseli pa kupumulia, kila ubeti na alama zake. Kisha piga huku unaimba kimoyomoyo. Mwanzoni vidole vitagoma.

Ukimya

Mimi natofautiana na wote. Usirudi, angalau kwa mwaka mzima.

Mungu amewahi kusema kupitia Amosi, sura ya 5, kwamba hataki kusikia kelele za nyimbo wala vinanda. Zwingli, mwanamatengenezo wa kanisa huko Uswisi, alikuwa mwanamuziki hodari, mpigaji wa vyombo vingi, na ndiye aliyetengeneza ibada ya Zürich isiyo na uimbaji kuanzia 1525. Watu walisali bila wimbo kanisani hadi 1598. Hawakufa.

Mimi nilipiga gitaa la besi kanisani miaka 9. Nikaacha. Nilipoacha ndipo nilipojua kwamba nilichokuwa nakiita uwepo wa Mungu kilikuwa ni pale ngoma na besi zinapokutana vizuri.

Mwalimu wa Kwaya

Amosi hakuishia hapo, ndugu Ukimya. Mstari unaofuata unadai haki itelemke kama maji. Kosa halikuwa kwenye vinanda. Ila hilo la ngoma na besi limenigusa, sitabishana nalo.

KidoleChaNne

Nimesoma yote zaidi ya mara moja. Asanteni.

Ndugu Ukimya, wewe ndiye uliyenitisha zaidi, maana najua vizuri unachosema. Kuna namna fulani ya kushuka kwenye amina ya mwisho ambayo huwa inanisimamisha nywele, na sijawahi kujiuliza ni nani anayenisimamisha.

Nimemwomba mchungaji Jumapili moja kila mwezi nikae kwenye benchi. Aliguna, akakubali, akasema nimtafute wa kushika zamu mwenyewe. Yule wa akiba nimeanza kumfundisha. Anaburuza kwa sababu anasoma maneno huku anapiga! Nilimcheka kabla sijakumbuka nimeandika nini humu.

Alhamisi kwenye mazoezi nilijaribu ule ushauri wa penseli, na wimbo wangu wa aibu. Ubeti wa kwanza sawa. Ubeti wa tatu nilifika mstari wa pili, nikaona kweli hakuna mkato, nikavuka bila kupumua. Kwaya ikasimama, mimi nikaenda peke yangu. Wakaniuliza kama mkono bado unauma.

Mwalimu, swali moja tu: penseli hizo zinafutwa kila wiki, au unaacha alama zikae?