Pipa la kemikali limevuja kazini, niripoti au nikaushe? Naomba ushauri wa haraka

Kiatu Kimoja:
Wakuu, habari za usiku. Naomba ushauri, ila matusi sitaki, hali yangu si nzuri. Nyuma ya stoo ya kazini kuna pipa limetoboka, na kilichomo kimeingia mtaroni. Mtaro ule unashuka mpaka kijitoni. Kinatoa mvuke mweupe na harufu yake inachoma pua. Swali langu: mtu akiripoti kitu kama hiki, jina lake linafichwa? Na anayetakiwa kuripoti ni aliyeona au aliyehusika?

Nyundo Baridi:
Jina linafichwa, usijali. Mimi niliwahi kumripoti jirani aliyekuwa anachoma matairi kila wikiendi. Nikaahidiwa siri kubwa. Kesho yake asubuhi jirani akanigongea mlango: "Asante kwa salamu zako." Tangu siku hiyo hatusalimiani, na matairi anachoma bado.

Mama Wawili:
Huko chini kijitoni kuna watu wanachota maji na watoto wanaoga, wewe unauliza majina! Kizazi hiki kinanishangaza.

Fundi Tochi:
Nimefanya kazi zimamoto miaka mingi, nijibu haya. Pipa lina ukubwa gani? Limetoboka saa ngapi? Na lina namba gani? Mizigo hatari hubandikwa namba ya tarakimu 4 inayotambulika dunia nzima: 1203 petroli, 1202 dizeli, 1830 asidi salfuriki. Kama hujaisoma usilisogelee, piga picha ukiwa mbali, usimame kule upepo unakotoka.

Kobe Mwendo:
Mimi nilidhani 1203 ni namba ya chumba 😂 Nakaa siti ya mbele.

Kiatu Kimoja:
Pipa la kawaida tu, lita 200. Namba 1789. Ilikuwa saa kumi jioni.

Fundi Tochi:
Hiyo ni asidi haidrokloriki. Sasa hivi saa tatu usiku, yaani saa tano zimepita na hakuna aliyepiga simu? Halafu mbona umeuliza habari za "aliyehusika"? Pipa halijitoboi, mdogo wangu.

Kiatu Kimoja:
Haya. Ni mimi. Dereva wa foklifti alikuwa mapumzikoni, nikaambiwa nisogeze mzigo mara moja, uma ukaingia ubavuni. Sina leseni ya ile mashine. Supavaiza akasema tuvute mpira wa maji tusukumie kila kitu mtaroni, tukafanya hivyo. Mvuke ukapungua sana tu. Sasa nimepanga alfajiri, kabla watu hawajaingia, niende na madumu mawili ya dawa ya kung'arishia nguo nyeupe nikamwage pale ili harufu iishe. Naona ni wazo zuri, naomba mniboreshee tu. Habari za kupiga simu msiniambie, mkataba wangu ni wa miezi mitatu na umebaki mmoja.

Fundi Tochi:
USITHUBUTU. Dawa ile ikikutana na asidi hiyo inatoa gesi ya klorini. Klorini ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo haipandi juu ikaenda zake, inatambaa na kujaa mabondeni na mitaroni. Na wewe utakuwa umeinama wapi na dumu lako? Mtaroni.

Msomi wa Barazani:
Jamani tukumbuke lori la mafuta la Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019. Lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota petroli, likalipuka, wakafa zaidi ya 100. Miaka 10 nyuma, Januari 2009, Sachangwan kule Kenya ilikuwa hivyo hivyo. Kazi ya kwanza ni kufukuza watu, mengine baadaye.

Nyundo Baridi:
Mkuu, hii ni asidi. Nani atachota asidi?

Fundi Tochi:
Kufukuza watu ni sahihi hata hapa. Na asidi yenyewe haiwaki, lakini ikila chuma inatoa haidrojeni, hiyo inawaka vizuri sana. Mfuniko wa mtaro ni wa nini kama si chuma?

Chumvi ya Juzi:
Wadau, mnanyweshwa chai hapa. Mwanzo pipa "limetoboka", sasa kuna foklifti. Mwanzo "kinatoa mvuke" kana kwamba amesimama pale, sasa yuko nyumbani anapanga alfajiri. Halafu mtu asiyejua alichomwaga ni nini anaitaja 1789 bila kusita. Huyu ni mwanafunzi anatafuta majibu ya mtihani.

Kobe Mwendo:
Chai ya rangi kabisa. Leta picha!

Mama Wawili:
Na mimi nilishahisi. Mtu mwenye shida ya kweli haandiki "naomba mniboreshee".

Kiatu Kimoja:
Namba nimeitoa kwenye karatasi za mzigo, nilizipiga picha mchana. Chai? Soksi ya kulia imetoboka matundu matundu na mguu unaniwaka tangu jioni.

Fundi Tochi:
Kwa nini hukusema hilo mwanzo? Acha simu. Vua kiatu na soksi, weka mguu kwenye maji yanayotiririka, dakika 20 ukiangalia saa, usikadirie. Usipake kitu chochote. Halafu hospitali.

Ukiwa hapo majini piga zimamoto. Taja mahali kwanza, kwa sababu simu ikikatika watajua pa kuja. Kisha namba 1789, saa iliyomwagika, kiasi, mtaro unaelekea wapi, na kwamba mmeshamwagia maji. Hilo la maji usilifiche, ndilo linalowaambia waanze kutafuta umbali gani. Usikate wewe kwanza. Kuhusu mkataba, sikudanganyi, unaweza kuupoteza. Ila nchi nyingi kunyamaza nako ni kosa, tena linahesabiwa peke yake, juu ya lile la kumwaga.

Chumvi ya Juzi:
Fundi unampa mwanafunzi majibu yote ya mtihani 😂

Fundi Tochi:
Akifaulu sawa.

Kiatu Kimoja:
Nimepiga. Wanakuja. Wameniuliza mtaro unaingia kijitoni juu ya daraja au chini yake, nikashindwa kujibu, na napita pale kila siku. Mguu nimeosha, una malengelenge. Naelekea hospitali.

Mama Wawili:
Pole mwanangu. Mungu akusimamie.

Kiatu Kimoja:
Fundi, kuna kitu kimoja. Wameuliza kiasi nikasema lita 200 kama nilivyoandika hapa. Halikuwa pipa. Ni lile tangi la plastiki lenye kizimba cha chuma, la lita 1,000, na lilikuwa limejaa.

Fundi Tochi:
Wapigie tena. Sasa hivi.