Tupeane uzoefu: flaibeki (saketi ya kubadili volti kwa transfoma) uliyoisuka mwenyewe ikagoma, kosa ulilikuta wapi?

Wakuu, naanza mimi. Nilikuwa natafuta 12V ya rauta na kamera kutoka betri za 48V, aisii (chipu) ya kuongoza ni UC3842, transfoma nimesuka mwenyewe. Nawasha inaanza tik... tik... tik, upande wa pili mita inagusa volti 3 inashuka. Nikabadilisha aisii, nikabadilisha tena, mosfeti (swichi ya kukata na kuunga mkondo) nikaitoa ikiwa nzima, siku tatu hizo. Ya nne ndo nikapima pini ya 7, ile inayolisha chipu, naona inapanda hadi 16 inadondoka 10 inapanda tena, yani chipu inaamka kwa rezista ya kuanzishia halafu haina wa kuilisha. Nikaipa volti 17 kutoka nje ikatulia tuli. Kumbe ile waya nyembamba ya kulisha chipu sikuikwangua vanishi (ganda la kuhami), lehemu imeng'aa juu juu tu 😂 Aisii mbili nilishazitupa jalalani, zikiwa nzima kabisa.

*LehemuBaridi:*
Bora wewe mkuu, mi mosfeti sita. Kori (kiini cha sumaku cha transfoma) nilitoa kwenye pawa saplai ya kompyuta, nikaichemsha kwenye sufuria gundi ilegee (sufuria ya watu, ugomvi wake ni uzi mwingine), nikasuka nikabana kori zikagusana barabara. Zile hazina nafasi katikati wakuu! Flaibeki nguvu inaitunza kwenye hiyo nafasi, isipokuwepo kori inashiba sumaku, mkondo unaruka, mosfeti kwaheri. Nikakata karatasi nikapachika miguu yote mitatu, ila ukiweka hivyo hesabu unene mara mbili maana sumaku inavuka karatasi kwenda na kurudi.

*kijana_wa_bodi:*
Mi 12V ilipaa ikapasua kapasita. Nilinunua TL432 (kidude cha kusimamia volti ya kutokea) nikaiweka palipochorwa TL431, ni ileile ila zile ndogo za kubandika pini mbili zimebadilishana nafasi.

*Mzee wa Mnara:*
Yangu ni aibu, maana kifaa kilikuwa kizima. Umeme wa minara ya simu ni 48V lakini chanya ndo imefungwa ethi (ardhini), nalijua hilo miaka. Siku hiyo nataka kuona mawimbi ya primari (upande wa kuingilia wa transfoma), nikabana klipu ya skopu (mashine ya kuchora mawimbi ya umeme) kwenye hasi kama nilivyozoea mezani. Klipu ya skopu nayo inaenda ethi kupitia plagi, kwahiyo nimeunga betri nzima kwa kawaya kale. Kaliyeyuka mkononi, harufu ile hadi leo naisikia.

*Mwanzisha uzi:*
Pole mzee wangu. Sasa hivi unapimaje?

*Mzee wa Mnara:*
Skopu ndogo ya betri, haijui ethi. Nikiikosa natumia probu mbili, klipu zote nimezining'iniza bila kubana popote, namwambia skopu atoe chaneli ya pili kwenye ya kwanza. Picha ina kelele kidogo lakini vidole vipo.