Ushauri: mgeni kaandika safari yangu ilikuwa "disastrous", nimjibuje?

Nahodha_Raskazone (mtoa mada)
Wakuu, habari za saa hizi. Natembeza wageni kwa boti hapa Tanga, nawapeleka Kisiwa cha Toten kuona magofu ya misikiti. Juzi nilikuwa na mama mmoja wa Uingereza na mumewe. Kurudi, katikati ya ghuba, mashine ikazima. Nikavuta kamba mpaka kiganja kikachubuka, wapi! Tukapiga kasia saa nzima na ushee, jua la saa nane hilo, mzee wa watu akatapika mpaka nyongo. Wakanilipa, nikajua yameisha. Leo nakuta mama kaandika mtandaoni kuwa safari ilikuwa "disastrous". Nikatia kwenye simu initafsirie, ikaleta "ya maafa". Maafa tena? Hakufa mtu! Neno hili lina uzito gani hasa?

Mla_Kisamvu
Pole. Mimi ningekaa kimya.

Babu_Chumbageni
Usiogope, mwanangu. Waingereza neno hilo hulisema hata keki ikiungua. Hajasema umeua, amesema mambo yalikwenda mrama, na kwa boti yako ndivyo hasa.

Ila asili yake tamu. Limetoka kwenye "disaster", waliyoipata karne ya 16 kupitia Kifaransa, na Wafaransa waliitoa Italia: "disastro". Hiyo "astro" ni nyota, na "dis" inatia ubaya. Yaani jambo lililoangukiwa na nyota mbaya. Walikuwa kama wazee wetu wa falaki, hufungi safari kabla nyota haijatazamwa. Hata "influenza", yale mafua makali, ni neno la Italia la imani hiyohiyo, kwamba maradhi yanashushwa na nyota. "Maafa" yetu yametoka Uarabuni, hayana nyota ndani. Kwa asili, la kwao limekaa karibu zaidi na nuksi.

Kijana_wa_Ngamiani
Kumbe mama kasema jamaa ana nuksi! 😂 Mkuu, na Tanga yote hii umekosa wa kukusafisha nyota?

Fundi_Mashine
Kabla ya mganga, fungua chujio la mafuta. Petroli ikiingia maji, utavuta kamba mpaka kesho.

Babu_Chumbageni
Fundi kasema. Kwenye King Lear ya Shakespeare yumo Edmund, anawacheka watu wanaojiharibia wenyewe kisha wanalisingizia jua, mwezi na nyota. Na neno analotumia ni hilihili la "disaster".

Nahodha_Raskazone
Wakuu, nimefungua chujio. Maji, tena na kutu. Nimemwandikia: "Mama, samahani sana. Mafuta yaliingia maji, nami sikukagua kabla ya kuondoka. Mkirudi nitawapeleka bure, na mashine ya akiba nitabeba."

Kajibu sasa hivi. Yeye atakuja. Mumewe atabaki ufukweni.