Stika za milangoni kwenye magari ya watalii yaliyopigwa rangi upya: zisubiri muda gani?

NgarenaroGrafiki (Arusha)

Habari zenu mafundi wenzangu. Kila mwaka hali hujirudia hapa Arusha: Aprili na Mei, wageni wanapopungua kwa sababu ya masika, kampuni za utalii hupeleka Land Cruiser zao gereji kupigwa rangi, kisha mwishoni mwa Mei magari hayo huletwa kwetu kwa mkupuo yakiwa bado yananuka rangi, na wenyewe wanataka nembo ziwe milangoni kabla msimu wa Juni haujaanza. Gari moja lililotoka gereji siku iliyotangulia lilianza kutoa vipovu chini ya nembo kabla ya wiki kwisha. Fundi rangi alisema vinaili (plastiki nyembamba yenye gundi tunayokatia stika) ndiyo mbovu, jambo ambalo sikulikubali, kwa kuwa roli hiyohiyo imetulia vizuri kwenye magari mengine. Je, rangi mpya isubiri siku ngapi? Na mteja asiyeweza kusubiri, nimtengenezee nembo za sumaku kwa muda?

MzeeWaPlota (Moshi)

Ndugu yangu, kipovu kinachojitokeza siku kadhaa baada ya kazi, ilhali stika ililala vizuri ilipobandikwa, mara nyingi si hewa iliyobaki chini ya mkono wako bali ni mvuke wa thinna unaoendelea kutoka kwenye rangi. Rangi hukauka juu kwanza, hata ukiigusa hainati, lakini tabaka la chini bado linatoa mvuke. Vinaili inapoufunika, mvuke hukosa njia, hujikusanya na kuinua gundi. Kwa hiyo upo sahihi kuitetea roli yako.

Idadi ya siku hutegemea namna rangi ilivyokaushwa. Iliyookwa kwenye chumba cha joto hukomaa mapema, na kwangu husubiri wiki moja. Iliyoachwa ikauke yenyewe uani wakati wa masika, kukiwa na baridi na unyevu, siigusi kabla ya wiki tatu au nne. Hata hivyo, siiamini kalenda peke yake, kwa sababu fundi rangi akiulizwa lini alimaliza, hujibu kulingana na haraka ya mteja. Kata kipande cha vinaili cha kama sentimita 3 kwa 3, kibandike mahali pasipoonekana sana, kipashe moto kwa kipuliza hewa ya moto hadi pawe pa moto sana kwa kiganja, kisha kiache hadi kesho yake. Kikitoa vipovu, gari lirudi likasubiri. Bandika pia kipande cha maskingi tepu na ukivute kwa ghafla: kikija na rangi, usipokee kazi hiyo, maana siku stika itakapobanduliwa itaondoka na rangi, na lawama itakuwa yako.

Jambo la mwisho ni polishi. Gereji nyingi hulikabidhi gari likiwa linang'aa kwa polishi yenye silikoni, na gundi haishiki juu yake. Osha mlango kwa maji na sabuni, ukaushe, kisha ufute kwa spiriti ya aisopropili iliyochanganywa na maji, sehemu 70 kwa 30, ukifuatisha kitambaa kingine kikavu kabla haijakauka yenyewe. Petroli huacha mafuta, na thinna hula rangi changa.

MabangoUsaRiver

Nakubaliana na mzee, ila kuhusu sumaku nina pingamizi. Vumbi la barabara ya kuingia Serengeti hupenya chini ya bamba la sumaku, na kwa mtikisiko wa barabara ile yenye matuta madogo madogo, huikwaruza rangi ambayo bado ni laini. Isitoshe, sumaku haishiki kwenye alumini wala faiba. Afadhali mteja aweke jina la kampuni kwenye vioo vya pembeni vya nyuma, kwa sababu kioo hakina mvuke wa kusubiriwa na stika hubanduka kirahisi milango ikiwa tayari.

NgarenaroGrafiki (Arusha)

Wazo la vioo ni zuri, asanteni. Na penye ribiti (pini za kuunganishia bati) na mikunjo ya bodi, ambako stika huinuka hata rangi ikiwa ya zamani, mnafanyaje?

MzeeWaPlota (Moshi)

Hapo aina ya vinaili ndiyo inayoamua. Ile ya bei nafuu hutengenezwa kwa kukandamizwa kati ya rola za mashine, kwa hiyo ukiivuta ili ifuate mkunjo, hutaka kurudi ilivyokuwa, na jua la mchana huiharakisha. Inafaa mlango ulio bapa na mabango ya dukani. Kwenye ribiti tumia ile ya kasti, inayomwagwa ikiwa majimaji na kugandishwa, ambayo ni nyembamba, kama maikroni 50, na haina tabia ya kujirudi. Ni ghali, kwa hiyo mwambie mteja bei zote mbili mapema. Toboa kwa sindano kuzunguka kichwa cha ribiti, pasha moto, kandamiza kwa brashi ndogo, kisha upashe tena eneo lililovutwa hadi karibu nyuzi 100 za Selsiasi, ili umbo jipya likubalike.

MabangoUsaRiver

Niongeze kwamba pembe za nembo zikatwe kwa mviringo, kwa sababu pembe kali ndiyo inayoanza kuinuka. Asubuhi za Juni na Julai bati huwa na umande na baridi, basi subirini lipate joto kabla ya kuanza. Dereva naye aambiwe asilipeleke gari kuoshwa kwa siku mbili za kwanza, na baadaye mashine ya maji ya presha isisogezwe karibu na ukingo wa stika wala isipulize kwa pembeni.