Beatles wa mwanzo (1958–1963): Anthology, santuri za asili au rekodi za magendo?

Tari na Gitaa:
Wakuu, nataka kukusanya Beatles wa mwanzo tu, tangu walipoitwa Quarrymen hadi siku ya kurekodi albamu ya kwanza, Februari 1963. Naona njia tatu: matoleo rasmi, santuri za wakati ule, na rekodi za magendo. Fedha haitoshi kwa zote. Kila njia ina kipi ambacho nyingine hazina?

Sindano ya Mono:
Anza na Anthology 1, mkusanyiko rasmi wa 1995. Utapata nyimbo mbili walizorekodi Liverpool mwaka 1958 kwenye santuri moja ya asetati (santuri laini inayochongwa moja moja), kanda za nyumbani za 1960, nyimbo 5 za jaribio lao kwa kampuni ya rekodi ya Decca la Januari 1, 1962, na Besame Mucho ya Juni 6, 1962, Pete Best akiwa bado kwenye dramu. Hakuna njia rahisi zaidi ya kupata vitu hivi kwa sauti safi.

Kasoro yake ni mkasi. In Spite of All the Danger kwenye asetati inakaribia dakika tatu na nusu. Kwenye Anthology imebaki 2:44. Cayenne, ya zile kanda za 1960, nayo imefupishwa. Kwa msikilizaji wa kawaida si neno, ila mkusanyaji aandike kwenye daftari lake kwamba nakala hiyo haijakamilika.

Ongeza Live at the BBC ya 1994 na ile ya pili ya 2013. Desemba 2013 pia ziliuzwa iTunes rekodi 59 za mwaka 1963, kwa sababu sheria ya Ulaya ilirefusha ulinzi hadi miaka 70 kwa rekodi iliyotolewa, huku ile isiyotolewa ndani ya miaka 50 ikipoteza ulinzi. Mkusanyiko huo haukutolewa kwa santuri wala CD rasmi. Ukiona CD yake inauzwa, hiyo ni ya magendo.

Lebo Nyekundu:
Naheshimu hoja ya mkuu hapo juu, lakini santuri ya asili ina kazi ambayo CD haiwezi. Chukua Love Me Do. Septemba 4, 1962 Ringo, aliyechukua nafasi ya Pete Best, alipiga dramu. Septemba 11 akaletwa Andy White, mpiga dramu wa kukodiwa, Ringo akapewa tari. Santuri ya Oktoba 5, 1962, Parlophone (tawi la kampuni ya EMI) R 4949 yenye lebo nyekundu, ni ile ya Ringo. Albamu ya kwanza, na matoleo ya baadaye ya santuri ndogo, yakatumia ya White. Kipimo ni sikio: ukisikia tari, ni White.

Kanda kuu ya toleo la Ringo haipo tena, na CD ya mkusanyiko rasmi wa Past Masters ilibidi inakiliwe kutoka kwenye santuri. Kwa hiyo nakala safi ya 1962 iko karibu na chanzo kuliko CD yoyote.

Usinunue kwa rangi ya lebo peke yake, maana nyekundu ilirudi miaka ya 1980. Omba picha ya eneo tupu kati ya mwisho wa wimbo na lebo. Chini pasomeke 7XCE 17144-1N. Ukiishika namba hiyo ikiwa chini, kushoto kuna tarakimu ya sahani mama (sahani ya chuma inayozaa mihuri), na kulia kuna herufi za muhuri wa kukandia santuri. EMI walihesabu kwa GRAMOPHLTD: G ni 1, R ni 2, A ni 3, hadi T ni 9 na D ni sifuri. Hivyo GR ni muhuri wa 12. Namba ndogo maana yake ilikandwa mapema. Muuzaji akikataa kupiga picha hiyo, achana naye.

Kwa mono tumia sindano ya mviringo ya mikroni 25. Mara nyingi hupita juu ya sehemu iliyolika na sindano nyembamba.

Kanda Mbichi:
Mmeruka jambo kubwa. Decca walirekodi nyimbo 15; rasmi kuna 5. Love of the Loved, utunzi wao wenyewe, haimo kwenye Anthology. Kumi hizo zilizobaki utazikuta kwenye magendo, na mnunuzi ajue kwamba wasanii hawapati senti humo.

Rekodi ya jukwaani kwenye klabu ya Star-Club ya Hamburg, Desemba 1962, ni habari nyingine. Ilitolewa 1977 kama albamu ya santuri mbili, na baada ya kesi ya London ya 1998 haki zikarudi kwa Beatles. Zilizobaki ni nakala za mitumba. Toleo la Ulaya na la Marekani yana nyimbo 26 kila moja, lakini 4 hazifanani. Ukitaka zote 30, unahitaji yote mawili.

Tari na Gitaa:
Na faili za magendo nitazikaguaje?

Kanda Mbichi:
Fungua faili kwenye Audacity (programu ya kuhariri sauti), badili mwonekano uwe spektogramu (picha ya masafa ya sauti), kisha angalia mambo mawili.

La kwanza ni juu. Mchakacho wa kanda haukomi ghafla. Ukiona umekatwa kama kwa rula kwenye 16 kHz, hiyo ilikuwa MP3 hata kama faili inaitwa FLAC (muundo usiopunguza sauti). Itupe.

La pili ni chini. Umeme wa Uingereza na Ujerumani ni Hz 50, na mvumo wake huingia kwenye kanda. Ukiukuta kwenye 51.5, kanda inakimbia kwa asilimia 3, sawa na nusu ya nusu-toni. Punguza kasi yenyewe, si tempo peke yake, kwa sababu ukigusa tempo tu sauti hubaki juu. Tahadhari: mstari wa 60 unaweza kuwa umeingia nakala ilipotengenezwa Marekani. Ukikuta 60 na 50 pamoja, fuata 50.

Sindano ya Mono:
Nyongeza kwa watakaonakili santuri zao: 24-bit, 96 kHz, vilele visizidi −6 dB. Hifadhi kwanza faili isiyoguswa, kisha fanya usafi kwenye nakala. Usiunganishe chaneli mbili za mono kabla ya kusikiliza kila moja peke yake. Ukuta mmoja wa mfereji huwa umelika kuliko mwingine, na chaneli moja safi ni bora kuliko mbili zilizochanganywa. Na asetati isiguswe kabisa na spiriti, tabaka lake huharibika.