Lulu wa kilo 4 amegoma chakula chake anataka biskuti na mandazi tu, nimpe nini cha afya?

MamaLulu_Soweto

Habarini wapendwa, nipo Moshi, Soweto, naombeni ushauri kwa wenye uzoefu na hawa mbwa wadogo wa ndani. Nina mbwa jike aina ya Maltese anaitwa Lulu, ana miaka mitatu, mara ya mwisho kupimwa alikuwa kilo 4 na dokta akasema hapo ndo penyewe asizidi. Sasa naona amejaa, ukimshika ubavuni mbavu huzisikii mpaka ubonyeze, na mdomo umeanza kunuka.

Shida ni kwamba humu ndani kila mtu anampa kitu chake. Watoto wakirudi shule wanampa biskuti, mama mkwe akinywa chai asubuhi anamkatia andazi, baba watoto akija na nyama choma jioni anamtupia yale mafuta, afu mi nikimwekea chakula chake cha mfuko anakinusa tu anaenda kulala. Na chakula chenyewe bei imepanda jamani. Jirani ananiambia achana na hivyo vya mfuko, pika ugali na dagaa kama wanavyokula mbwa wa getini na mbona wana nguvu. Kwa hiyo naomba kujua, ugali na dagaa unamtosha mbwa kama huyu? Na vitafunio gani nimpe ambavyo havimdhuru, maana kumnyima kabisa humu ndani haiwezekani, wataniona mkatili.

BwanaMifugo_Ngaramtoni

Pole dada, na umefanya vizuri kuuliza mapema. Mi ni afisa mifugo huku Arusha, kazi yangu kubwa ni ng'ombe na mbuzi ila mbwa naletewa sana siku hizi, na hili la kwako nakutana nalo mara nyingi.

Lulu hajagoma chakula, ameshiba. Mbwa wa kilo 4 anayekaa ndani anahitaji kama kalori 250 mpaka 300 kwa siku nzima, na hapo tumehesabu kila kinachoingia mdomoni. Sasa tupige hesabu ya nyumbani kwako. Biskuti moja ndogo ya glukosi ni kama kalori 20, watoto wawili wakimpa mbili mbili tayari 80. Nusu andazi la mama mkwe, nyingine 80 au zaidi kutegemea limekunywa mafuta kiasi gani. Kipande cha mafuta ya nyama cha gramu 20 peke yake kinapita 100. Yani siku imeisha na bakuli lake hajaligusa, na katika vyote hivyo hajapata madini wala vitamini za maana.

Kanuni tunayoifuata ni kwamba vitafunio vyote kwa siku visizidi asilimia 10 ya mahitaji yake, kwa Lulu ni kama kalori 30. Ni kidogo sana ndo maana inabidi uchague vitu vyenye maji na nyuzinyuzi badala ya unga na mafuta. Karoti moja ya kawaida haifiki hata hizo 30. Maharage machanga ya kuchemsha bila chumvi, hapa Arusha tunayo mengi na bei poa, ni mazuri sana. Tango, boga la kuchemsha, papai bila mbegu, tikiti bila mbegu. Akitaka nyama mpe kuku wa kuchemsha bila ngozi, gramu 15 hivi, ukimchambua vipande kama punje ya mahindi unapata vingi, na mbwa akipewa mara nyingi vidogo vidogo anafurahi kuliko kupewa pande moja. Yai la kuchemsha ni zuri ila zima lina kalori 70 hivi, kwa hiyo mpe robo.

Yale mafuta ya nyama choma mwambie shemeji aache kabisa, na hapa siongelei unene tu. Mafuta mengi kwa mara moja yanaweza kuwasha kongosho, na mbwa wadogo wanapatwa sana. Ukimuona anatapika tapika, amejikunja tumbo, hataki hata kuguswa, usisubiri kesho.

Mama_Kiboriloni

Bwana mifugo Mungu akubariki umeeleza vizuri. Mi naongezea vitu vya huku kwetu uchagani ambavyo watu hawavifikirii kabisa, maana tunasoma orodha za Wazungu zinataja chokoleti tunasema ah sisi hatuna chokoleti tupo salama.

Dada Soweto angalia mtori, ile supu yetu ya ndizi na nyama. Mtori una kitunguu, na kitunguu maji na kitunguu saumu vyote vinaharibu chembe nyekundu za damu za mbwa, viwe vibichi, vimepikwa, au vya unga kwenye vile viungo vya mchuzi vya pakiti. Na havionyeshi siku hiyo hiyo, vinaweza kuchukua siku kadhaa ndo unaona fizi zimepauka na mbwa hana nguvu, hapo ulishasahau alikula nini. Kwa hiyo ukitaka kumpa ndizi na nyama mtolee pembeni kabla hujaunga. Wali wa pilau, mchuzi, supu ya kongoro yenye saumu, vyote hivyo hapana.

Mbege, ile pombe yetu ya ndizi, na machicha yake. Kwenye sherehe ndoo inaachwa chini na mbwa anapita, kwa mbwa mkubwa utacheka anavyoyumba ila mwili wa kilo 4 pombe kidogo tu inamwangusha, sukari inashuka, anapoa mwili. Hata unga wa maandazi ulioumuliwa na hamira usiuache pale chini, unaendelea kuumuka tumboni na kutoa pombe hukohuko. Na buni zikianikwa uani mbwa akae mbali, kafeini sio ya kwao.

Wenye miti ya makadamia, hizo karanga zinawalegeza miguu ya nyuma wanashindwa kusimama. Parachichi wengi wanaliogopa kama sumu, kwa mbwa nyama yake haina ubaya huo ila ina mafuta mengi na ile kokwa ikimezwa na mbwa mdogo inaziba utumbo, mi simpi. Kokwa la embe vilevile.

Na zabibu!! zile za Dodoma zinazouzwa stendi tunazipenda wote, mbwa asipewe hata moja, wala zabibu kavu za kwenye keki, zinaua figo. Miaka mingi haikujulikana kwa nini mbwa mmoja anakula anapona mwingine anakufa, mpaka 2021 madaktari wa kituo cha sumu cha ASPCA, shirika la kutetea wanyama la Marekani, wakaandika kwamba wanashuku asidi ya tartariki, ambayo kiwango chake kinatofautiana kati ya zabibu na zabibu. Asidi hiyohiyo ipo kwenye ukwaju, kwa hiyo juisi ya ukwaju na zile pipi zake watoto wasimpe.

Kijana_Sakina

Naomba nipingane kidogo kwa heshima. Babu yangu Marangu amefuga mbwa maisha yake yote, wanakula ugali, mapupu na mabaki, hawajui mfuko wala kopo, na wanaishi mpaka wanazeeka. Naona tunawatisha watu wenye kipato cha kawaida wasifuge. Ugali na dagaa una tatizo gani hasa? Dagaa ni samaki mzima na mifupa yake, protini ipo, kalsiamu ipo.

BwanaMifugo_Ngaramtoni

Kijana hoja yako ni ya msingi na sikatai, dagaa ni chakula kizuri kweli, na hilo la mifupa umelisema sawa, ukimpa mbwa nyama tupu unamnyima kalsiamu ila dagaa anayo. Mbwa wa babu pia anatembea kihamba kizima, yani shamba lote la nyumbani, anakamata panya, anakula vitu vingi ambavyo babu hajampa. Lulu kila anachokula kinatoka mkononi mwa mtu, kikikosekana kitu amekikosa moja kwa moja. Ugali na dagaa unaweza kuwa sehemu ya chakula chake, ila ukiwa ndo chakula pekee mwaka mzima kuna vitamini na madini hazitafika kiwango. Ukitaka kumpikia kila siku inawezekana, na sio lazima iwe ghali, ila kaa na daktari wa mifugo akupangie kwa uzito wake nini kiongezwe.

Halafu kuna jambo ambalo naomba wote mlisome kwa makini, nalo ni unga wenyewe. Mahindi mazuri tunakula sisi, yale yaliyoota ukungu, yaliyobunguliwa, makapi ya mashineni, tunasema hayo ya mbwa na kuku. Ukungu ule ndo unaotoa sumukuvu, na sumukuvu haifi kwa kupika, uchemshe ugali masaa mawili bado ipo. Mwaka 2004 Kenya, kule Makueni na Kitui, iliua watu zaidi ya mia moja, na 2016 ikaua watu hapa kwetu Dodoma na Manyara. Mbwa ini lake linaathirika na sumukuvu kwa wepesi sana, Marekani imeshatokea mbwa wakafa kwa wingi kwa sababu mahindi ya kiwandani yalikuwa na sumu hiyo. Kwa hiyo kama unampikia mbwa ugali, mpikie unga uleule mnaokula nyie. Akikataa kula, akatapika, macho na fizi vikawa vya njano, mkojo mweusi, kimbia naye.

Mapupu nayo yachemshwe yaive kabisa. Kwenye mapafu na maini ya kondoo, mbuzi na ng'ombe kuna vile vifuko vya maji, watu wanavikata wanamtupia mbwa, ni mabuu ya tegu. Mbwa anapata tegu, mayai yanatoka na kinyesi, yanaganda kwenye manyoya, mtoto anamkumbatia mbwa na yeye anaota vifuko hivyo kwenye ini. Huku kwenye wafugaji hili ni la kweli kabisa. Ukiona vifuko, choma au fukia shimo refu, na mbwa apewe dawa ya minyoo yenye prazikwanteli.

Mama_Kiboriloni

Na dagaa wa Mwanza wengi wanaanikwa mchangani, waoshe wee mpaka maji yawe safi. Wale wa chumvi usinunue kwa ajili ya mbwa.

MamaLulu_Soweto

Asanteni mno, hilo la sumukuvu sikuwahi kuliwaza kwa mbwa, nimeshatoa tangazo jikoni. Sasa naomba mnisaidie mambo mengine hapa. Chakula cha mfuko kuna duka wanapima kwa kilo kutoka gunia lililofunguliwa, bei inashuka sana, nichukue? Mdomo unaonuka nimpe mifupa asafishe meno? Na namrudishaje kula chakula chake bila kumtesa na njaa, na huyu mama mkwe namwambiaje jamani, ni mtu mzima siwezi kumkatalia mbele za watu.

BwanaMifugo_Ngaramtoni

Cha kupima usichukue dada. Mfuko ukikaa wazi mafuta yanachacha, unyevu unaingia, ukungu unaanza, na hujui tarehe ya mwisho wala hujui ni cha mbwa mtoto au mkubwa au ni makombo ya mifuko mitatu. Bora mfuko mdogo wenye maandishi yanayosema ni chakula kamili cha mbwa mtu mzima, kwa mwili wake hali kingi, mfuko mdogo utakaa. Kifunge ndani ya mfuko wake huohuo kisha weka kwenye ndoo yenye mfuniko, mbali na jiko. Punje ziwe ndogo, taya lake dogo.

Mifupa iliyopikwa hapana, ya kuku hasa, inapasuka vipande vyenye ncha. Meno ya mbwa wadogo yamebanana ndo maana yanashika uchafu haraka, msugue kwa mswaki laini wa mtoto na dawa ya meno ya mbwa, ukiikosa maji matupu yanatosha. Dawa yetu usimtumie, yeye anameza, na nyingine zina zailitoli, ile sukari ya kwenye bigijii zisizo na sukari. Kwenye pakiti itafute kwa namba E967. Kidogo tu inashusha sukari ya damu na kuua ini, kwa hiyo hata siagi ya karanga soma kwanza au twanga karanga zako mwenyewe bila chumvi. Ila kama umeona ukoko wa njano au wa kahawia kwenye meno, mswaki hauutoi, lazima asafishwe na daktari.

Kumrudisha kula, mpe mara mbili kwa siku saa zilezile, weka bakuli kama dakika 20, hajala toa, usimpe kitu mpaka mlo unaofuata. Mbwa mtu mzima mwenye afya akiruka mlo mmoja hadhuriki, ila mwenye kitoto cha miezi miwili mitatu asijaribu hili, vitoto vya mbwa wadogo sukari inashuka haraka, wao wanakula mara tatu nne. Ukibadilisha aina ya chakula changanya kidogo kidogo kwa wiki nzima. Na akipita siku nzima hajala chochote, au anatapika, sio ujeuri tena, mpeleke.

Mama_Kiboriloni

La mama mkwe usimkataze mdogo wangu, mpe kazi. Asubuhi katakata karoti na maharage machanga ya siku nzima weka kwenye kopo moja lenye mfuniko, mkabidhi yeye, mwambie mama dokta amesema Lulu ale kutoka mkononi mwako tu, kopo likiisha limeisha mpaka kesho. Hatamkatia andazi tena, na watoto atawafukuza yeye mwenyewe. Kwangu ndivyo nilivyofanya na bibi yetu na hakuna aliyenuna.

Kijana_Sakina

Nimekubali la unga, leo nampigia babu. Dada Soweto, kumpima huhitaji mzani wa dokta, mbebe usimame naye kwenye mzani wa bafuni halafu upime mwenyewe utoe. Ila kwa mbwa wa kilo 4 hata nusu kilo ni nyingi, kwa hiyo tafuta mzani wa digitali unaoonyesha gramu.